Mkono wa Mwalimu na Picha Iliyochelewa

Wengi wenu mnaoanza ufundi leo hamjawahi kubeba televisheni ya kisogo. Nazungumzia ile nene ya zamani, kioo mbele na nyuma imetokeza kama gunia lililojaa. Mimi nimezibeba miaka yangu yote ya kazi na kiuno changu hakijasahau hata moja. Nilipofunga duka langu mjini Meru niligawa kila kitu, kuanzia kaunta hadi bisibisi, isipokuwa televisheni moja ya namna hiyo. Niliiweka sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma. Wanangu wakawa wananiuliza kila Krismasi, "Mama, hii inangoja nini hapa?"

Ilikuwa inangoja mkono wa Mwalimu Gitonga.

Mwalimu Gitonga alikuwa mkuu wa shule ya msingi kule Mitunguu, chini kwenye joto, ambako migomba hunyweshwa maji ya mifereji. Alipostaafu akawa mkulima wa ndizi. Enzi za ualimu wake alikuwa adui wa biashara yangu. Wakati huo nilikuwa nikitengeneza mashine za gemu za wenye vibanda, zile za kuchomeka kaseti juu, na watoto wa shule yake walikuwa wakitoroka darasani kwenda kuzicheza. Siku moja alinikuta sokoni akanisimamisha mbele ya watu, mkoba wa ngozi kwapani.

"Wewe ndiwe Mama Makena?"

"Ndimi, Mwalimu."

"Mimi natengeneza watoto. Wewe unatengeneza mashine ya kuwaharibu. Sasa kati yetu wawili, fundi ni nani?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini njia nzima ya kurudi Meru nilikuwa natafuta jibu na sikulipata. Ilibidi nywele zetu sote wawili ziwe nyeupe kwanza.

Miaka ikapita, Mwalimu akapatwa na kiharusi upande wa kulia. Mguu ulirudi mapema, akatembea na fimbo. Mkono ukakataa. Mtaalamu wa viungo hospitalini alimwambia avitumie vidole kila siku kwa kitu chochote anachokipenda. Shida ni kwamba Mwalimu hakuwa anapenda kitu. Mpira wa kufinya aliopewa aliurushia mbuzi, tena kwa mkono wa kushoto. Alichotaka ni kimoja tu: kumenya ndizi. Hebu fikirieni mtu mwenye shamba zima la ndizi akimenyewa na binti yake kama mtoto anayeota meno.

"Siku nitakayomenya ndizi yangu kwa mkono huu ndiyo siku nitakayosema nimepona," alimwambia binti yake. "Kabla ya hapo usinidanganye na maneno ya hospitali."

Binti huyo anaitwa Karimi. Ni karani mjini, na alirudi nyumbani kumtunza. Siku moja akipanga kabati la baba yake alikuta mashine ya gemu imefungwa kwa karatasi za mtihani wa zamani. Mwalimu alikuwa amemnyang'anya mwanafunzi fulani, akasema mwenyewe aje na mzazi wake kuichukua. Hakuna mtoto wa Mitunguu ambaye angekuja na baba yake kudai kitu kama hicho. Basi ilikaa kabatini mpaka mwenye kuinyang'anya akawa mgonjwa.

Karimi aliiunganisha na televisheni ya kisogo iliyokuwa sebuleni. Mwalimu alifoka siku nzima. Siku ya pili alifoka nusu siku. Siku ya tatu aliuliza kitufe cha kuruka ni kipi.

Gemu lenyewe ni rahisi: mtu mdogo anakimbia, mbele yake kuna mashimo, usiporuka kwa wakati unatumbukia. Kukimbia ni kazi ya kidole gumba cha kushoto. Kuruka ni kazi ya kidole gumba cha kulia, na hapo ndipo dawa ilipokuwa. Mwanzoni alitumbukia shimo la kwanza mara nyingi hadi Karimi akaacha kuangalia. Kisha akalivuka, kisha la pili, kisha yale mashimo matatu yaliyofuatana kabla ya daraja. Kidole gumba kiliamka, na cha pembeni yake kikakifuata. Akawa anaweza kuishika ndizi na kubana kikonyo chake, ila nguvu ya kuvuta ganda haikuwa imefika.

Hapo ndipo ile televisheni ya zamani ilipotoa moshi na kufa. Karimi, kwa moyo mzuri, alinunua mpya, pana, bapa kama sinia, akaitundika ukutani. Haikuwa na tundu la waya wa manjano. Akanipigia simu.

"Mama Makena, nimeambiwa wewe ndiye unajua haya mambo ya kale."

"Mambo ya kale ndiyo mimi mwenyewe," nikamwambia. "Nakuja."

Ngoja nieleze kidogo kwa wasiojua. Mashine za zamani zilitoa picha kwa waya wa manjano na sauti kwa waya mweupe, na nyingine zikaongeza mwekundu. Televisheni nyingi za leo zinataka waya mmoja bapa wa HDMI. Hawa wawili hawaelewani. Katikati yao unaweka konvata, kisanduku kidogo kinachotoshea kiganjani, na kazi yake ni kuwa mkalimani: kinasikiliza lugha ya zamani upande mmoja na kuisema kwa lugha mpya upande wa pili.

Lakini ni mkalimani wa njia moja. Kuna konvata ya kutoka zamani kwenda mpya na kuna ya kutoka mpya kwenda zamani, na kwa sura ni mapacha. Mfanyabiashara mmoja wa miraa alinijia kutoka Maua akiwa amenunua ile isiyo yake. Alitaka kuonyesha harusi yake iliyokuwa kwenye kamera ya zamani. Nikamwambia imegeuzwa. Akasema, "Mama, mimi pikapu yangu inaenda Nairobi na inarudi na barabara ni ile ile. Hii inashindwaje kurudi?" Nikamwambia pikapu yake ina dereva. Alicheka mpaka akaagiza chai ya duka zima. Kwa hiyo soma maandishi: upande wa kuingilia na upande wa kutokea. Usinunue kwa kutazama rangi ya kisanduku.

Jambo la pili ni umeme. Konvata hula umeme wake wenyewe kupitia waya mdogo, na wengi wenu huuchomeka kwenye tundu la pembeni mwa televisheni. Wakati mwingine hautoshi, picha inakuja na kukatika, mteja anadhani mashine imekufa. Tumia chaja ya ukutani ya simu. La tatu, mashine nyingine za zamani zilitoka nchi ambako rangi hutumwa kwa mfumo mwingine. Ukiona picha nyeupe na nyeusi tu, au inapanda na kushuka kama lifti, usikimbilie kufungua mashine. Tafuta kwanza kama mkalimani wako na televisheni yenyewe vinaujua mfumo huo. La nne, picha ya zamani ni ya mraba mraba, na televisheni mpya huivuta mpaka kila mtu anenepe. Ingia kwenye mipangilio uirudishie umbo lake. Mimi hupima kwa duara. Nikiona gurudumu au jua kwenye gemu limekuwa yai, bado sijamaliza.

Yote hayo niliyafanya kwa Mwalimu Gitonga, kwa utaratibu, nikiyaandika kwenye daftari langu kama nilivyozoea. Picha ikatoka safi, rangi zake zote, jua duara. Mwalimu alikuwa ametoka kliniki asubuhi hiyo, amechoka, akasema atacheza kesho. Aliitazama picha tu kutoka kitini.

"Nane kwa kumi," akasema.

"Mbili zimeenda wapi, Mwalimu?"

"Huwa sitoi kumi."

Nilikunywa chai, nikafungiwa mkungu mdogo wa ndizi, nikapanda kurudi Meru nikiwa na furaha ya mtu aliyemshinda adui wake wa zamani kwa wema. Na nilikuwa nimekosea. Nilikagua picha. Mkono sikuukagua.

Mngemjua Mzee Nyaga mngejua kwa nini kosa hilo liliniuma. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi, mjini Embu, kwenye chumba cha mabati nyuma ya soko. Nilienda kwake kijana, nimepeleka redio ya baba, nikakaa mlangoni kutazama anavyoitengeneza. Siku ya tatu bado nipo mlangoni. Akaniuliza, "Wewe msichana, redio yako nilikupa juzi. Umesahau nini hapa?" Nikamwambia nataka kujua. Akanipa kitambaa nifute vumbi, na hiyo ndiyo ilikuwa karatasi yangu ya ajira.

Mwezi wangu wa kwanza mteja alileta televisheni isiyoonyesha gemu, pamoja na mashine yake ya gemu. Niliifungua. Nilikaa nayo siku mbili, nikipima kila kitu kwa mita, nikiyeyusha risasi na kuunganisha upya mahali ambapo hapakuwa na shida. Siku ya pili jioni Mzee Nyaga aliichukua mashine ya gemu yenyewe, akaipeleka kona ya chumba palipokuwa na televisheni kuukuu ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, akaunganisha. Kimya. Akachomeka adapta nyingine ya umeme. Gemu likawaka. Televisheni ya watu niliyokuwa nimeifungua haikuwa na kosa lolote.

"Hii ya kona inaitwa shahidi," akaniambia. "Naijua ilivyo. Haisemi uongo. Kabla hujafungua kitu cha mtu, uliza shahidi."

"Na ikiwa shahidi naye ameharibika?"

"Ndiyo maana haiguswi na wewe."

Tangu siku hiyo kila mahali nilipofanya kazi niliweka shahidi. Hata nilipokuwa na kibanda Kiritiri, vumbi la mchanga likiingia hadi kwenye chai, shahidi alikaa kwenye meza yake. Hapo Kiritiri ndipo nilipounganisha mashine ya gemu pamoja na eriali ya nje kwa kisanduku kibovu, na gemu likaanza kuonekana kwenye televisheni ya jirani. Mzee wa watu alikuja mbio na kofia mkononi: "Mama, kwangu ilikuwa ibada! Mhubiri ameingia shimoni!" Shahidi ndiye aliyetuonyesha kwamba kosa lilikuwa kwenye kile kisanduku, na si kwa mhubiri.

Nilipofunga duka la Meru, yule niliyemfunika kitambaa sebuleni alikuwa shahidi wangu wa mwisho. Lakini kwenda Mitunguu sikumbeba. Nilikuwa nimestaafu, kiuno kinauma, na konvata niliijua. Nikaona kuna haja gani ya shahidi kwa kazi ya kuchomeka waya tatu.

Zikapita wiki tatu. Karimi akapiga simu.

"Mama Makena, njoo uchukue hii mashine. Baba hataki kuiona."

"Imeharibika?"

"Mashine ni nzima. Baba ndiye..." Akashusha sauti. "Mkono umerudi nyuma. Hawezi kuvuka hata lile shimo la kwanza. Tulimpeleka hospitali, tukaogopa kiharusi kimerudi. Daktari hakuona kitu kipya. Sasa ameacha mazoezi yote, hata yale ya kufinya aliyokuwa ameyarudia. Anasema asichezewe akili, mkono umekufa na yeye anajua."

Nilishuka Mitunguu asubuhi iliyofuata. Nilimkuta Mwalimu kitini, mkono wa kulia ameulaza kwenye paja kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike. Mezani kulikuwa na ndizi zilizomenywa, zimekatwa vipande kwenye sahani. Hakuzigusa.

"Muga, Mwalimu."

"Muga. Umekuja kuchukua mzigo wako?"

"Nimekuja kuona kwanza."

"Hakuna cha kuona."

"Basi nionyeshe hicho kisichokuwepo. Mara tatu tu, halafu naifunga naondoka nayo."

Alinitazama kwa yale macho yaliyokuwa yakinyamazisha darasa zima, lakini akaichukua padi, kile kishikio chenye vitufe. Safari hii sikukaa mbele ya televisheni. Nilikaa kwenye kigoda kando ya goti lake na kutazama kidole gumba. Padi za zamani zina sauti: ukibonyeza zinalia tik. Nikasubiri. Mtu mdogo akakimbia, akakaribia shimo. Tik. Kwa pembe ya jicho nikamwona yule mtu akiongeza hatua nyingine, akatumbukia, na sauti ya kuruka ikaja wakati yuko chini tayari.

Mara ya pili, vivyo hivyo. Mara ya tatu nilifumba macho nikasikiliza. Tik, kisha nafasi ndogo, kisha mlio wa gemu. Hiyo nafasi haikupaswa kuwepo.

"Mwalimu, kidole chako kimebonyeza kwa wakati. Picha ndiyo inachelewa."

"Mama Makena, usinibembeleze. Mimi si mtoto wa nasari."

"Nipe nicheze mimi."

Nikacheza, nikatumbukia. Nikarudia, nikatumbukia tena.

"Wewe ni mzee," akasema. "Hiyo haithibitishi kitu."

"Karimi, njoo ucheze."

Karimi akacheza, akatumbukia.

"Na huyo hajawahi kujua kucheza," akasema Mwalimu. "Nimekuwa nikisahihisha mitihani tangu hujaanza kushika bisibisi. Usiniletee majibu bila kuonyesha njia."

Na hapo alinishinda, kwa sababu alikuwa na haki. Mimi nilijua. Nilijua kwamba konvata huipokea picha, huiandika upya, kisha ile televisheni bapa huiandika tena kwa kuipamba, kuilainisha na kuinyoosha. Kila mmoja anachukua muda wake, na ukiujumlisha unapata kama kufumba na kufumbua. Ukitazama sinema, au ile harusi ya Maua, huwezi kuona. Lakini kwenye gemu, muda huo ndio upana wa shimo. Mtu mwenye vidole vyepesi baada ya siku chache atauzoea bila kujijua. Mtu anayekifundisha kidole kimoja kuishi upya hana cha kuzoea. Ataamini kidole kimemsaliti. Haya yote nilijua, na niliyajua hata siku ile niliposifiwa nane kwa kumi. Kujua kwangu hakukumsaidia mpaka nilete shahidi.

Nilirudi Meru. Kesho yake nilisimamisha pikapu ya ndizi iliyokuwa imeshusha mzigo sokoni na inarudi Mitunguu tupu. Vijana wawili waliibeba televisheni kutoka sebuleni kwangu.

"Mama, hii ni televisheni ama ni jiwe la kusagia?"

"Ukiiangusha utalipa kwa figo," nikawaambia. "Wekeni kwenye majani makavu, kioo kitazame mbele, na mmoja akae nayo nyuma."

Tulipofika, Mwalimu alisimama mlangoni na fimbo yake akatazama vijana wakihangaika na ule mzigo. Niliona kitu usoni mwake ambacho sikuwa nimekiona jana yake. Nadhani ni udadisi.

Niliiweka kwenye meza, nikatoa konvata kabisa, nikachomeka waya wa manjano moja kwa moja. Televisheni ya kisogo haifikirii. Kinachoingia nyuma kinatupwa kwenye kioo papo hapo. Ilitoa mkwaruzo kidogo, ikawaka.

Mwalimu akaketi. Karimi akasimama nyuma ya kiti chake, mikono mdomoni. Mtu mdogo akakimbia kuelekea shimo la kwanza. Tik. Akaruka, akashuka mapema, akatumbukia.

Mwalimu akaiweka padi pajani polepole.

"Umeona?" akasema. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

Nusura nimwamini. Lakini macho yangu hayakuwa kwenye televisheni, yalikuwa kwenye kidole, na kidole kilikuwa kimeniambia jambo.

"Mwalimu, jana ulianguka namna gani?"

"Nilianguka."

"Namna gani? Uliruka ukiwa umeshaanguka, au uliruka kabla?"

Akafikiri. "Jana niliruka nikiwa nimeshaanguka."

"Na sasa?"

Akakigusa kitufe cha kuruka. "Sasa nimeruka kabla."

"Kwa hiyo umewahi. Wiki tatu ulikuwa unakimbizana na picha iliyochelewa, na kidole chako kimejifunza kubonyeza mapema. Mwalimu, mkono uliokufa hauwezi kuwahi."

Akautazama mkono wake. Aliufungua, akaufunga, akaufungua tena, kama anayesahihisha hesabu ya mwanafunzi na kukuta jibu ni sahihi ingawa alishaweka alama ya kosa. Kisha akaichukua padi.

Alianguka mara mbili zaidi. Mara ya tatu akavuka shimo la kwanza. Akavuka la pili. Akafika kwenye yale matatu yaliyofuatana: tik, tik, tik, na kila tik na mruko wake, hakuna nafasi katikati. Akavuka daraja. Karimi alipiga ukelele hadi wale vijana wa pikapu, waliokuwa wakinywa uji jikoni, wakatoka mbio kuona nani ameumia.

"Kaeni kimya," Mwalimu akasema bila kugeuza shingo. "Kuna mtu anafanya kazi hapa."

Baadaye niliirudia ile televisheni bapa, kwa sababu fundi haachi kazi nusu. Katika mipangilio yake nikakuta palipoandikwa gemu, nikawasha. Hapo televisheni huacha kujipamba na kuonyesha kile inachopewa bila kuchelewa sana. Nikabadilisha konvata kwa nyingine yenye kasi zaidi. Nikafumba macho nikasikiliza: tik na mlio vikawa karibu kabisa, ingawa si pamoja kama kwa shahidi. Leo ukiniita kuunganisha mashine ya zamani, hicho ndicho kipimo changu cha mwisho, baada ya rangi, baada ya umeme, baada ya jua kuwa duara. Nafumba macho na kusikiliza kidole cha mwenye nyumba. Nanyi fanyeni hivyo. Mwenye nyumba acheze mwenyewe mbele yako kabla hujaondoka, hata kama amechoka, hata kama chai inapoa.

Shahidi sikurudi naye Meru. Nilimwacha Mitunguu, kwenye meza, kitambaa changu cha kufuma kikiwa juu yake. Sebule yangu sasa ina nafasi, na wanangu hawana cha kuuliza wakati wa Krismasi. Nilikuwa na shahidi kwa miaka yote ili nisifungue vitu vya watu bure. Sikuwahi kufikiria kwamba kesi yake kubwa kuliko zote ingekuwa ya mkono.

Mvua zilipokwisha nilishuka tena, safari hii bila mkoba wa kazi. Mwalimu alikuwa barazani, mkungu wa ndizi mbivu mbele yake. Hakunisalimia. Alichuma moja, akaishika kwa mkono wa kushoto, na kwa ule wa kulia akabana kikonyo. Vidole vikateleza. Karimi alipiga hatua, nami nikamshika mkono asiende.

Ilichukua muda. Kikonyo kiliinama, kikakataa, kikainama tena, kisha kikakatika na ganda likashuka upande mmoja. Akalifuata la pili. La tatu lilitoka na nyama ya ndizi, na ndizi yenyewe ikavunjika katikati. Akanipa kipande kikubwa.

"Sahihisha," akasema.

Nikakila polepole, kama mtu mwenye kazi nzito.

"Nane kwa kumi."

"Mbili zimeenda wapi?"

"Huwa sitoi kumi, Mwalimu."

Alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Kisha akafuta macho kwa mgongo wa mkono, ule wa kulia, akachuma ndizi nyingine na kuanza upya.